Kabla ya Kuuliza Kama Kapasuliwa, Uliza Kazalia Wapi

Habari ya uzazi inapofika nyumbani hapa Mombasa, maswali huja kwa mpangilio ambao karibu kila mtu anaujua: mtoto gani, mamake yu hali gani, na kisha, kwa sauti iliyoshushwa kidogo, "Kazaa mwenyewe au kapasuliwa?" Jibu la swali hilo la tatu huchukuliwa kuwa habari ya mwili wa mwanamke na tabia yake. Akiwa kapasuliwa, wapo watakaosema nyonga zake ni nyembamba, wapo watakaosema wasichana wa siku hizi hawana subira ya uchungu, na hakosi shangazi wa kuuliza kama mwenyewe alikuwa akifagia na kuchuchumaa alipokuwa mjamzito. Swali ambalo lingefafanua mengi zaidi huja mwisho kabisa, tena kwa ajili ya kujua njia ya kwenda kumtazama mzazi: yuko hospitali gani?

Swali hilo la mwisho lilistahili kutangulia. Wanawake wawili wa umri mmoja, wenye mimba za kwanza, watoto waliotanguliza vichwa na uchungu ulioanza wenyewe baada ya miezi kutimia, wanaweza kuwa na uwezekano tofauti kabisa wa kupasuliwa kwa sababu tu mmoja ameingia mlango huu na mwenzake mlango ule. Ngazi ya hospitali, mmiliki wake, namna inavyolipwa, idadi ya wakunga walio zamu usiku, kama daktari yumo jengoni au anapigiwa simu nyumbani, kama thieta iko tayari na damu ipo kwenye friji: yote haya yana sauti katika uamuzi ambao sisi tunaumalizia mgongoni mwa mwanamke. Na kwa kuwa mambo hayo hayavuti upande mmoja, asilimia moja tu inayobandikwa juu ya hospitali haituambii kama hospitali hiyo inapasua kupita kiasi, inapasua inavyopasa, au inapasua kwa niaba ya wengine.

Tuanze na nchi nzima. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba watoto 9 katika kila 100 nchini Kenya walizaliwa kwa upasuaji; ule wa mwaka 2022 ulikuta 17. Katika muda huo huo, uzazi uliosimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi uliongezeka kutoka asilimia 62 hadi 89. Takwimu hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja. Ada za kujifungua ziliondolewa katika vituo vya umma kuanzia Juni 2013, mpango wa Linda Mama ukafuata chini ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, na wanawake wengi ambao zamani wangehangaika siku mbili chumbani na mkunga wa jadi wakafika mahali penye kisu na sindano. Sehemu ya ongezeko hilo, kwa hiyo, ni watu waliookolewa. Sehemu nyingine siyo, na kazi ngumu ni kuzitenganisha hizo mbili.

Wengi huzitenganisha kwa rungu la asilimia 10 hadi 15. Kiwango hicho kilitoka katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Fortaleza, Brazil, mwaka 1985, na tangu hapo kimenukuliwa kama sheria. Lakini kilihusu jamii nzima, yaani uzazi wote wa eneo, wala si hospitali moja moja. Mwaka 2015 shirika lenyewe lilieleza kwamba kiwango cha jamii kikishapita asilimia 10, vifo vya akina mama na watoto wachanga havionekani kupungua zaidi, na likasisitiza kwamba lililo muhimu ni kila mwanamke anayeuhitaji upasuaji aupate, badala ya nchi kukimbiza tarakimu. Anayechukua kiwango hicho na kukipimia hospitali anapima nguo kwa pishi.

Kwamba hospitali zinatofautiana, na kwamba tofauti zao haziwezi kuelezwa kwa miili ya wanawake peke yake, ni jambo lililokwisha kuonyeshwa waziwazi. Watafiti waliochunguza hospitali 593 za Marekani kwa takwimu za mwaka 2009 walikuta viwango vya upasuaji vikianzia asilimia 7.1 hadi 69.9. Mtu angeweza kujibu kwamba hospitali kubwa hupokea wagonjwa wazito, na jibu hilo lina haki yake. Ndiyo sababu watafiti hao waliwatenga wanawake wasio na hatari kubwa, ambao kwa kawaida wangetarajiwa kufanana popote walipo. Tofauti haikupungua; kwa uwiano ilizidi, kutoka asilimia 2.4 katika hospitali moja hadi 36.5 katika nyingine. Wanawake wa kundi moja, nchi moja, mwaka mmoja, na mara kumi na tano ya tofauti.

Sifa ya kwanza ya hospitali inayofaa kutazamwa ni nafasi yake katika ngazi ya rufaa, kwa sababu hapo ndipo hesabu hudanganya zaidi. Kwa utaratibu wa Kenya, zahanati ni ngazi ya 2 na kituo cha afya ni ngazi ya 3, na upasuaji wa uzazi huanza ngazi ya 4, panapotarajiwa kuwa na thieta, mtoa nusukaputi na damu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba eneo fulani lina wajawazito 1,100. Kati yao 900 wanaanzia zahanati na vituo vya afya, na 200 wanakwenda hospitali moja kwa moja. Vituo vinawazalisha 800 na kuwapa rufaa 100. Hospitali inawapasua 60 kati ya hao 100 wa rufaa, na 20 kati ya 200 wake yenyewe. Ripoti itasema kwamba hospitali imepasua 80 kati ya 300, karibu asilimia 27, na gazeti litaandika kwamba madaktari wamekuwa wepesi wa kisu. Vituo vitaripoti sufuri na kusifiwa. Hali eneo zima limepasua 80 kati ya 1,100, asilimia 7 tu, kiwango kinachoweza hata kuashiria kwamba wapo waliohitaji na hawakufika. Hospitali inayoonekana kuzidi ndiyo inayobeba upungufu wa jirani zake wote.

Hiyo ndiyo hali ya Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu tunaiita Makadara. Hupokea rufaa za kaunti yetu na za majirani: Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River, hadi Lamu. Mwanamke anayeletwa hapo kutoka mbali mara nyingi amekwisha kupita saa nyingi za uchungu mahali pengine, na anapofika, uamuzi huwa umebaki mmoja. Kumhesabia daktari wa Makadara upasuaji huo kana kwamba yeye ndiye aliyeuchagua ni kumlipisha deni la mtu mwingine.

Mji wetu una ugumu wake wa ziada, nao ni maji. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Kipimo cha kimataifa cha huduma ya dharura ya uzazi hutaka kila watu 500,000 wawe angalau na kituo kimoja kinachoweza kupasua na kutia damu, na kwa kipimo hicho kaunti yetu inapita bila jasho, ukihesabu hospitali za umma na za binafsi. Lakini kipimo hicho hakijui feri. Mjamzito wa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya maji, anayepewa rufaa ya kwenda kisiwani saa nane za usiku hatazami idadi ya hospitali katika kaunti. Anatazama kivuko cha Likoni, au siku hizi mzunguko wa barabara ya Dongo Kundu. Mkunga mwenye busara aliye upande huo wa maji huanza kufikiria rufaa mapema kuliko mwenzake wa Tudor, kisiwani, na ana haki. Matokeo yake ni kwamba wanawake wengine hufika hospitali ya rufaa kabla hawajahitaji upasuaji kwa hakika, na hospitali iliyojaa, isiyo na kitanda cha kumsubirisha mtu, huelekea kumaliza shauri. Jiografia nayo ina mkono wake katika hati ya upasuaji, ingawa haitii sahihi.

Sifa ya pili ni mmiliki na malipo, na hapa huzuka ugomvi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali zenye wanawake zaidi ya milioni 4, ulikuta kwamba katika hospitali za kutafuta faida uwezekano wa kupasuliwa ulikuwa kama mara 1.4 ya ule wa hospitali zisizotafuta faida. Brazil ndiyo mfano unaotajwa zaidi: katika hospitali zake za binafsi, upasuaji umepita asilimia 80 ya uzazi. Hapa kwetu, ada za Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Na bima za kampuni huwa na viwango vyao, vilivyo juu zaidi.

Ni rahisi kuzitazama tarakimu hizo mbili na kumaliza kesi, nami nimewasikia wengi wakiimaliza. Naona ni haraka mno. Upasuaji una gharama za kweli: thieta, mtoa nusukaputi, dawa, nyuzi, siku za ziada kitandani. Elfu thelathini si faida. Linalopaswa kuulizwa ni kinachobaki mkononi baada ya gharama, na hasa kinachobaki kwa saa. Uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa kumi na mbili au zaidi, na hospitali inayousimamia vizuri inahitaji mkunga asiyemwacha mwanamke, kitanda kisichotolewa kwa mwingine, na daktari aliye tayari kungoja. Upasuaji humalizika kwa muda wa saa moja hivi. Mfumo wa malipo unaolipa tendo bila kulipa kungoja unamwadhibu anayengoja, hata akiwa mtu mwadilifu kabisa. Wala tusidhani kwamba hospitali za umma zimeepuka mtego huo. Daktari wake hulipwa mshahara ule ule apasue asipasue, ni kweli. Lakini sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya imeziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya, na msimamizi wa hospitali isiyo na glavu anajua vyema hati ipi ya malipo ni kubwa.

Kuliko ada, mimi nashuku zaidi mpangilio wa zamu, jambo ambalo halizungumzwi. Katika hospitali nyingi za binafsi mwanamke huwa na "daktari wangu": ndiye aliyemwona kliniki tangu miezi mitatu, ndiye anayetarajiwa kuwapo siku ya siku. Ni uhusiano mzuri, na wanawake wanaulipia kwa hiari. Lakini daktari huyo ana kliniki ya asubuhi, ana wagonjwa wa mchana, huenda ana hospitali nyingine ng'ambo ya daraja la Nyali, na ana nyumba. Uchungu haujui ratiba. Tafiti za Marekani tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba upasuaji wa sababu zenye nafasi ya hiari, kama vile "uchungu hausongi mbele", huongezeka jioni, kabla ya usiku kuingia. Mpwa wangu aliambiwa saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, katika hospitali moja ya binafsi ya hapa mjini, kwamba njia haifunguki. Kufikia saa mbili alikuwa amekwisha kushonwa. Sidai kwamba alipasuliwa kwa sababu ya Ijumaa. Huenda angengoja hadi Jumamosi na bado akapasuliwa, au mtoto akachoka. Kisa kimoja hakina uwezo wa kuthibitisha chochote, na hilo ndilo tatizo la kila familia inayojiuliza baada ya tukio: jibu haliko katika kisa chao, liko katika hesabu ya visa elfu vilivyopangwa kwa saa na siku, na hesabu hiyo hakuna anayewaonyesha.

Ushahidi wa kulinganisha hospitali na hospitali daima una upungufu, kwa maana wanaokwenda huku si wale wanaokwenda kule. Ushahidi mzuri zaidi ni ule wa hospitali moja iliyobadilisha sifa moja. Katika hospitali ya Marin, California, wanawake wenye bima ya binafsi walikuwa wakihudumiwa na madaktari wao, kila mmoja na wake. Mwaka 2011 utaratibu ukabadilishwa: daktari wa uzazi akawa jengoni saa 24 kwa zamu, na wakunga wakaingizwa katika huduma ya wanawake hao. Upasuaji wa mara ya kwanza miongoni mwao ulishuka kutoka asilimia 31.7 hadi 25. Jengo ni lile lile, mji ni ule ule, wanawake ni wa tabaka lile lile. Kilichobadilika ni nani yupo saa nane za usiku na kama ana sababu ya kutaka kuondoka.

Katika hospitali za umma mambo ni kinyume, na bado yanaweza kuishia pale pale. Huko hakuna daktari mwenye haraka ya kwenda nyumbani au kumwahi mgonjwa wa bima. Kuna mkunga mmoja na wanawake wengi. Chombo kikuu cha kusimamia uchungu, ile karatasi iitwayo patografu, yenye mistari miwili ya tahadhari na ya hatua, ni zao la Afrika: madaktari Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao katika mji ambao leo ni Harare, kwa nia hasa ya kumsaidia mkunga wa kituo kidogo ajue wakati wa kutoa rufaa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya mwongozo inayoihesabu hatua ya uchungu mkali kuanzia njia inapofunguka sentimita 5, ili mwanamke asihesabiwe kuwa amechelewa kabla hajaanza. Karatasi zote mbili zina sharti moja: mtu wa kuzijaza. Mkunga anayewahudumia wanawake wengi kwa wakati mmoja huijaza baadaye, kwa kukumbuka, na mapigo ya moyo wa mtoto yaliyosikilizwa kila nusu saa kwenye karatasi huwa hayakusikilizwa hivyo masikioni. Daktari akiitwa, anakuta historia asiyoiamini. Anaambiwa "mtoto amechoka", hana mashine wala mkunga wa kumthibitishia, na anajua kwamba hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kupasua. Anapasua. Kwa hiyo uhaba wa wakunga, ambao mtu angedhani ungepunguza upasuaji, unaweza kuuongeza.

Hospitali za mafunzo zina sababu nyingine tena. Madaktari wanagenzi hujifunza kupasua mapema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyopo kila usiku. Kumvuta mtoto kwa kikombe cha vakyumu, ujuzi ambao ungewaepusha baadhi ya wanawake na kisu katika dakika za mwisho, umefifia katika sehemu kubwa ya Afrika kwa sababu wa kufundisha wamepungua na vifaa havipo. Asiyefundishwa njia mbili hatumii mbili. Kwa jirani zetu, takwimu za Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zilionyesha upasuaji ukipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011, na waliochunguza kundi kwa kundi walikuta kwamba ongezeko liliingia hata miongoni mwa wanawake wa hatari ndogo. Rufaa peke yake haielezi hilo.

Kuna sifa moja ya hospitali ambayo haigharimu mashine yoyote, nayo ni kama mwanamke anaruhusiwa kuwa na mtu wake. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalikuta kwamba waliokuwa na mtu wa kuwategemeza mfululizo wakati wa uchungu walipungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa kwa kama robo. Pwani hatukuhitaji kufundishwa jambo hili. Mama, khaloo au shangazi kukaa kando ya mzazi ni desturi ya zamani kuliko hospitali zenyewe. Lakini wodi ya leba isiyo na mapazia, ambamo vitanda vimekaribiana na wanawake wako wazi, haiwezi kuruhusu watu wa nje bila kuwavunjia heshima wengine, na kwa hiyo mlinzi wa mlangoni anamrudisha bibi mtu uani. Pazia, kwa hesabu hii, ni kifaa cha tiba. Katika hospitali za binafsi mtu wa nyumbani huruhusiwa, na ndiyo sababu kiwango cha juu cha huko kinahitaji maelezo zaidi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hatari yote iko kwenye kupasua mno. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayonizuia kujiunga na wanaotaka tu asilimia ishuke. Utafiti wa nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba waliopasuliwa walifariki kwa kiwango cha kama 5 katika kila 1,000, karibu mara 50 ya nchi tajiri, na kutokwa na damu na matatizo ya nusukaputi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Wengi wa wanawake hao walifika thietani wakiwa tayari hali zao ni mbaya. Upasuaji wenyewe ni ule ule unaofanywa London. Kinachoua ni kuchelewa kuufikia, na kukosekana kwa damu na jicho la kumtazama mgonjwa usiku wa kwanza baada ya kushonwa. Hospitali ndogo inayofungua thieta kwa mbwembwe, ikaanza kupasua huku haina damu wala mtoa nusukaputi wa zamu ya usiku, imeongeza asilimia yake bila kuongeza usalama. Na mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulitukumbusha kwamba hata hospitali iliyokamilika inaweza kupoteza sifa zake zote kwa siku moja, na wanawake walio na fedha wakahamia hospitali za binafsi.

Njia ya kuzisoma hospitali kwa haki imekuwapo tangu mwaka 2001, daktari wa uzazi Michael Robson alipopendekeza makundi kumi ya wajawazito, nalo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi mwaka 2015. Kila anayejifungua huingia katika kundi moja tu, kwa kutazama mambo machache: kama amewahi kuzaa, kama ana kovu la upasuaji, watoto ni wangapi, mtoto amekaaje, mimba imefikisha wiki 37, na uchungu ulianza wenyewe au ulianzishwa. Kundi la kwanza ni la wale niliowataja mwanzoni: mimba ya kwanza, mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, miezi imetimia, uchungu umeanza wenyewe. Makadara ikilinganishwa na hospitali ya binafsi kwa kundi hilo, sehemu kubwa ya kisingizio cha wagonjwa wazito huondoka. Si chote, kwa kuwa wa rufaa naye huweza kuwa wa kundi la kwanza na akafika amechelewa. Kwa hiyo lazima walioanzia hapo na walioletwa wahesabiwe mbalimbali.

Nalisisitiza kundi la kwanza kwa sababu ndilo linaloamua idadi ya kundi la tano, la wenye makovu. Mwanamke wa Kenya, kwa utafiti wa mwaka 2022, huzaa wastani wa watoto 3.4. Aliyepasuliwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kurudi, na safari hiyo kumwacha ajaribu mwenyewe kunahitaji thieta iliyo tayari saa zote, kwa hofu ya kovu kufunguka. Hospitali isiyo na uhakika huo humpasua tena, na inafanya vizuri. Kila kovu jipya huongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika mahali pabaya katika mimba inayofuata. Ndivyo uamuzi wa jioni moja katika hospitali moja unavyopandisha asilimia ya hospitali nyingine miaka mitatu baadaye, na hakuna ripoti inayoziunganisha.

Dawa za kushusha kiwango kwa amri hazina nguvu kubwa. Katika jaribio la nchi tano za Amerika ya Kilatini, lililochapishwa mwaka 2004, kila daktari alitakiwa kupata kwanza maoni ya daktari wa pili. Upasuaji ulipungua kwa kiasi cha asilimia 7 ya ule uliokuwapo. Quebec, Kanada, nusu ya hospitali 32 zilizoshirikishwa katika jaribio zilifanya ukaguzi wa mafaili na kuwarudishia madaktari matokeo yao. Viwango vilishuka kutoka asilimia 22.5 hadi 21.8, huku hospitali zisizofanya hivyo zikipanda kidogo. Ni faida, lakini ni ndogo, na haishangazi: mikakati hiyo humrekebisha daktari na kuiacha hospitali ilivyo.

Kwa hiyo ningeitaka Idara ya Afya ya kaunti ichapishe, kwa kila hospitali yenye thieta, ya umma na ya binafsi, mambo manne kila robo mwaka: upasuaji katika kundi la kwanza, sehemu ya walioletwa kwa rufaa, saa za upasuaji usio wa kupangwa, na hali ya mama na mtoto baada yake. Sehemu kubwa ya hayo imo tayari katika daftari la wazazi, lile la MOH 333, ambamo mkunga huandika idadi ya uzazi uliopita, umri wa mimba, njia ya kujifungua, tarehe na saa. Kinachopanda kwenda wizarani mwisho wa mwezi ni jumla tu ya waliopasuliwa. Safu ya saa hubaki daftarini, na daftari likijaa hufungwa na kuwekwa kabatini.